Mtoto wa Jicho Hatembei Peke Yake

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa tochi. Sikupewa sindano wala dawa, hata kiti cha kukalia sikupewa. Mganga wa Macho wa Wilaya alivitazama viatu vyangu vyeupe vipya, akalitazama vumbi la Bariadi nje ya mlango, akacheka peke yake. Kisha akanikabidhi tochi ndogo ya chuma.

"Betri nzima," akasema. "Kazi yako ni kuangalia, Sista Minza. Mengine baadaye."

Nilikasirika kidogo, nisiwadanganye. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti kipya, nikajiona nimeshiba elimu, halafu mtu ananipa tochi kama mlinzi wa ghala. Bariadi siku hizo ilikuwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga, na chumba cha macho kilikuwa mwisho wa korido, dirisha limezibwa kwa kitambaa cheusi ili giza liingie. Ukutani palikuwa na ubao wa herufi E zinazotazama huku na huku. Mgonjwa anaonyesha kwa vidole E imeelekea upande gani. Ubao ule naupenda mpaka leo, maana haumuulizi mtu kama alisoma shule.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee mmoja mkulima. Nikamulika. Mboni nyeupe kama maziwa.

"Unaona nini?" Mganga akauliza.

"Mtoto wa jicho, Mganga." Yaani ile lenzi ya ndani inayopitisha mwanga imeingia ukungu.

"Na kingine?"

"Hakuna kingine."

"Umeangalia, au umefurahi tu kuona kimoja?"

Akaweka kidole chake kwenye kona ya jicho la mzee, pale pua inapoanzia, akabonyeza taratibu. Usaha ukatoka. Nilishtuka. Akanieleza kwamba pale pana mfuko wa machozi, na machozi yanatakiwa kushukia puani. Njia ikiziba yanaoza humo humo, na mwenyewe anaona tu kwamba jicho linatoka machozi, anasema ni uzee.

"Sasa ungempeleka akapasuliwe leo," akasema, "usaha huu ungeingia wapi?"

"Ndani ya jicho."

"Na jicho lingekwenda wapi?"

Mzee wa watu alipewa dawa, mfuko ukashughulikiwa kwanza, na mtoto wa jicho akaondolewa baadaye kabisa, na akaona. Lakini tangu siku hiyo nikapata taabu na yule bosi. Asubuhi na kingine, mchana na kingine. Hata nikienda kuomba ruhusa.

"Mganga, mama yangu anaumwa."

"Na kingine?"

"Na mimi nimechoka."

"Haya, nenda. Sasa umemaliza kusema."

Ninyi mnaoanza kazi leo mna mashine zinazopiga picha mpaka pazia la nyuma ya jicho, na mimi nazionea wivu, kweli. Ila nimeona mashine ikiwashwa na mtu aliyekwisha kuamua atakachokiona. Mtoto wa jicho ni mtu wa kujionyesha. Anakaa mbele kabisa, mweupe, kila mtu anamwona, hata jirani. Nyuma yake wenzake wamejibanza. Mwenye kisukari anakuja na mtoto wa jicho, kumbe mishipa ya damu nyuma inavuja. Mwingine ana presha ya macho, na hiyo ni mbaya kuliko zote kwa sababu haiumi na haina rangi.

Presha ya macho niliijua vizuri Bukundi, nilipohamishiwa wilaya ya Meatu. Mganga Mfawidhi wa kituo chetu alikuwa mtu wa pikipiki. Ofisi ilimchosha. Alinibeba nyuma na sanduku la dawa tukawafuata wafugaji mpaka kwenye malambo, nikirudi nina vumbi mpaka ndani ya masikio. Huko tulimpata mfugaji mmoja, mtu mzito, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Nilipompima presha ya jicho, ugumu wa lile jicho ulinitisha. Ndani ya jicho kuna maji yanayoingia na kutoka. Yakishindwa kutoka yanabana, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa kidogo kidogo kuanzia pembeni. Ukishakufa umekufa.

Mganga Mfawidhi alimkalisha chini akamwambia wazi. "Baba, utapasuliwa hospitalini, na ukungu utaondoka. Lakini pembeni pamekufa. Usitegemee kuwaona ng'ombe wote kwa mara moja."

Mfugaji akafikiri sana. "Nitawaona wa mbele?"

"Wa mbele utawaona."

"Basi hao wengine nitageuza shingo."

Akapasuliwa, akapewa dawa ya matone ya presha ya kutumia maisha yake yote, na kweli akawa anageuza shingo kama kuku. Hakutulaumu hata siku moja, maana alikuwa ameambiwa kabla. Asiyeambiwa angesema tumemharibu jicho, na kijiji kizima kingekimbia.

Lakini mtu niliyemshikia kalamu hii hasa ni Mayu Mbuke wa Ipililo; mayu kwetu Wasukuma ni mama.

Wakati huo Simiyu ilikuwa imeshakuwa mkoa, na mimi nilikuwa Maswa. Bosi wangu alikuwa Mratibu wa Huduma za Macho wa Mkoa, mama mrefu, mpole wa sauti, asiyependa kelele. Yeye naye alipita mikononi mwa Mganga wetu wa Bariadi, kwa hiyo tulielewana bila maneno mengi. Tulifanya kambi ya macho Ipililo, kwenye zahanati, watu wamejaa mabenchi mpaka chini ya upenu. Gari la matangazo lilikuwa limepita siku chache kabla likiita wenye mtoto wa jicho.

Mayu Mbuke aliingia ameshikwa mkono na mkamwana wake, Wande. Alikuwa ameogeshwa, amepakwa mafuta anang'aa, amejifunga kanga. Nikapiga goti kumsalimia.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Unaionaje kanga yangu? Mpya hii."

Ilikuwa imepauka hata maandishi yake hayasomeki. Wande akanikazia macho. Nikasema, "Imekupendeza, mayu," nikachukua tochi.

"Nini kinakusumbua?"

"Mtoto wa jicho tu."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine! Mtoto wa jicho tu. Niandike nipasuliwe."

Ile "tu" aliisema mara mbili. Mgonjwa asiyeficha kitu hana haja ya "tu".

Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha zamani, kioo chake cha mbele kimekuwa kovu jeupe. La kulia, lililobaki, lilikuwa na mtoto wa jicho aliyekomaa. Alikuwa anaona kivuli cha mkono ukipita, basi. Nikamulika kope. Safi. Safi mno. Kope la mzee lina nywele chache, lakini la Mayu Mbuke lilikuwa tupu kama shamba lililotoka kupaliliwa. Nikalipindua. Ndani pana mistari ya makovu, myeupe, imekaza. Nikachukua kioo cha kukuzia, nikaona visiki vya nywele, vimetoka kung'olewa.

"Mayu, nani anakung'oa nywele za kope?"

Wande akainamisha uso.

"Ni mimi, sista," Wande akasema. "Nimemng'oa leo asubuhi. Utampelekaje mzazi hospitali macho yanachuruzika? Si watasema, huyu ana mkamwana wa namna gani?" Akafungua pindo la kanga yake akatoa kibano, kimefutwa vizuri, kinameta.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Mapenzi yote yale! Katika nyumba zetu hakuna anayempeleka mzee kwa daktari akiwa mchafu, na usafi wa Wande ulikuwa umeondoa dalili yenyewe. Ugonjwa huo tunauita vikope. Unaanza utotoni kwa nzi na uchafu wa macho, unarudi na kurudi, makovu yanavuta kope lijikunje kwa ndani, na nywele zake zinakwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Ndivyo jicho la kushoto lilivyokufa. Ukizing'oa unapata nafuu siku kadhaa, kisha zinaota tena, fupi na ngumu zaidi.

"Mayu, kwa nini hukusema?"

"Gari lilitangaza mtoto wa jicho," akajibu. "Ukisema una vikope utaambiwa leo si siku yako. Naijua serikali."

Nikamwita Mratibu. Akaangalia, akaniuliza kwa sauti yake ya chini, "Umeona nini?" Nikamweleza vyote. Akamwambia Mayu Mbuke kwamba leo tunapasua kope, tunaligeuza nywele zitazame nje. Mtoto wa jicho atasubiri mpaka kope lipone. Tukifungua jicho sasa, nywele zitaota zikwaruze kidonda kibichi na kuingiza wadudu, na jicho ni moja tu limebaki.

Mayu Mbuke akasimama. Alikuwa mdogo wa mwili, lakini nyumba nzima ilijua kwamba amesimama.

"Mnanirudisha! Si nilisema? Wande, tuondoke. Pamba inapasuka mwezi ujao, mimi nitakaa kwenye kigoda nisikilize watu wakichagua pamba yangu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa wasiolima, niseme kwamba pamba ikishavunwa huchaguliwa, safi huku, fifi huku. Fifi ni ile ya njano, iliyoliwa na wadudu au kushika majani. Ikichanganyika, mizani inaikataa. Mayu Mbuke ndiye aliyekuwa mchaguzi wa Ipililo. Majirani walikuwa wakimletea marobota yao ayapitie. Msimu uliopita alichanganya. Pamba ikarudi, na mwanawe Jilala akamwambia mbele ya watu, "Mama, wewe kaa. Usiguse." Alinisimulia hayo akiwa bado amesimama. Kuambiwa usiguse ndani ya mji wako mwenyewe, kwa jasho lako mwenyewe! Iliniuma mimi, sembuse yeye.

Nikapiga goti tena.

"Mayu, nisaidie mimi nisiyejua. Nikiwa na pamba safi, na gunia lina fifi chini, natia tu?"

"Pumbavu. Utaharibu yote."

"Nifanyeje?"

"Unakung'uta gunia kwanza, ndipo..." Wande akaziba mdomo kwa kanga. Mayu Mbuke akanielekezea uso, akanisonya vizuri, msonyo mrefu wa Kisukuma halisi.

"Wewe nesi ni mjanja sana," akasema. "Nikung'uteni basi."

Kope lilipasuliwa siku ile ile, na lilipona vizuri. Tukampa siku ya kuja hospitalini kwa mtoto wa jicho. Siku ikafika, kitanda kitupu. Nikampigia Jilala.

"Sista, tuko shambani. Pamba haisubiri mtu. Na kope halimuumi tena, si inatosha?"

Haikutosha, na nilimwambia hivyo kwa maneno ambayo sitayaandika hapa, maana na wajukuu zangu watasoma. Mtoto wa jicho akikomaa kupita kiasi hufura, akaziba ile njia ya maji niliyowaeleza, presha ikapanda, na jicho likafa kwa maumivu makali. Nilimwambia Mratibu. Akaniangalia, akasema, "Tusimpe mtu kile kitanda mpaka jioni." Nilishinda nikichungulia lango. Nilikuwa na hofu, na hasira pia, nimeshika tochi mfukoni kama rozari.

Alasiri ikaingia bodaboda. Nyuma wamekaa wanawake wawili, vichwa vyao vimejaa manyoya ya pamba. Alikuwa Wande na mama mkwe wake, wametokea shambani moja kwa moja, bila hata kuoga.

"Jilala yuko mizanini," Wande akasema, anahema. "Fanyeni haraka."

Niliangua kicheko mpaka Mratibu akatoka kutazama kuna nini.

Asubuhi ya kufungua bandeji Jilala alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Kumbe alikuja na basi la kwanza. Aliigeuzageuza ile kofia, na mimi sikumsaidia. Nikafungua bandeji, nikasafisha jicho. Mayu Mbuke akapepesa. Akanitazama mimi, akatazama dari, akashusha macho mpaka kifuani kwake. Akaishika kanga yake kwa vidole viwili, akainua.

"Wande."

"Abee, mayu."

"Mwaka mzima umekuwa ukinivalisha tambara hili ukiniambia jipya?"

Wodi nzima ilicheka. Wande alicheka huku analia. Mayu Mbuke akageukia mlangoni.

"Na wewe, pamba umeiacha na nani?"

"Nimeiacha tu, mama," Jilala akasema. "Iliyobaki haijachaguliwa. Nimesema isiguswe mpaka urudi."

Hapo nilitoka nje nikajifanya naenda kuchukua dawa.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Lagangabilili, ofisi mpya, rangi bado inanukia. Mganga Mkuu wa Wilaya alikuwa kijana wa umri wa mwanangu, mwenye adabu, aliyekuwa akiniita mama hata akinikemea. Siku ya kustaafu alinisifu kwa hotuba ndefu, nikapewa vitenge na beseni kubwa. Nilitamka maneno machache. Niliwaambia wenzangu vijana kwamba wagonjwa wetu ni watu wenye heshima. Wakija kwetu wanakuja wameoga, na ugonjwa wa pili wameuacha nyumbani kwa sababu hatukuuita. Basi tuuite. Nikakaa nikala wali.

Sasa nakaa pembezoni mwa mji wa Bariadi, nina shamba dogo la pamba na kuku. Nimeridhika. Magoti yanauma mvua ikikaribia, lakini nalala vizuri. Kila msimu Mayu Mbuke huja kunitembelea, kanga mpya kweli kweli, anakaa siku mbili tatu, tunapiga soga. Kile kibano alichukua yeye, anakitumia kutoa miiba.

Msimu huu alinikuta nimetandaza pamba kwenye turubai.

"Hii umechagua wewe?"

"Mimi mwenyewe, jana. Safi hiyo."

Akainama. Akatoa kipande cha njano. "Na kingine?" akasema. Akatoa tena. "Na kingine?" Akaendelea hivyo, ananirundikia fifi miguuni, tunacheka wote, mpaka alipoacha yeye kucheka. Akanyoosha mkono mbele.

"Nesi, vidole vingapi?"

"Viwili, mayu."

"Vitatu," akasema. "Kesho tunakwenda hospitali."

Tukaenda. Chumbani alikuwapo binti niliyemfundisha mwenyewe, siku hizi muuguzi kamili. Akanimulika. "Mama, mtoto wa jicho ameanza macho yote mawili. Tutakupangia upasuaji." Nilishukuru Mungu, kitu chepesi. Nikanyanyuka nikiokota mkoba wangu.

Kutoka kwenye benchi sauti ikasema, "Na kingine?"

Binti akaona haya. Mimi pia. Nikakaa chini, akanipima presha ya jicho. Ilikuwa imepanda. Mapema kabisa, akasema, mshipa bado mzima, mama, tumeiwahi. Na mimi, niliyeuliza wenzangu swali lile maisha yangu yote, nilikuwa nimeshika mkoba tayari kwenda zangu.

Sasa naweka tone kila jioni, nasubiri zamu yangu ya upasuaji. Pamba ya msimu huu anachagua Mbuke. Mimi ananiambia nikae, nisiguse.